Muhogo Panda, Mti Usipande

Mwaka jana, mvua zilipoanza mwezi wa nne, mama mmoja wa kijiji chetu hapa Lobule alipanda miche sita ya mtiki nyuma ya nyumba yake. Alipewa bure na shirika moja, siku ya sherehe, pamoja na fulana. Baada ya wiki mbili landilodi wake akaja. Landilodi ndivyo tunavyowaita wenyeji wenye ardhi tuliyokalia. Hakuja na panga wala matusi. Alipewa kiti, akanywa maji, akauliza habari za watoto, halafu akasema: "Mama, muhogo panda. Maharagwe panda. Hata ndizi hatutagombana. Lakini mti usipande."

Jioni ile mama aling'oa miche yote sita kwa mikono yake, akaniletea kwenye ndoo. Akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiye uko na watu wa ofisi, warudishie." Nirudishie nani? Lile shirika lilikuwa limeshapiga picha zake na kuondoka. Miche ilikaa kwangu siku nne, ikakauka.

Wiki hiyohiyo tulikuwa na mkutano chini ya mwembe. Bwana mmoja aliyetoka Arua alisema kwa Kiingereza kizuri, tukatafsiriwa kwa Kakwa na kwa Kiswahili: wakimbizi wanamaliza miti, lazima wafundishwe kupanda. Vijana wangu wakacheka. Bwana yule akakasirika, akidhani wanacheka mambo ya mazingira. Walikuwa wanamcheka yeye, maana nusu yao walikuwa wameiona ile ndoo.

Ninaandika kwa sababu ya kicheko kile. Mimi niliishia sekondari, sasa kazi yangu ni kukaa na vijana: mpira, mikutano, kuandika majina, kusuluhisha ugomvi. Si mtaalamu wa miti. Lakini ile sentensi, "wakimbizi wanamaliza miti", nimeisikia mara nyingi mno, na nimechoka kuisikia kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuuliza kwa nini mche ulirudi kwenye ndoo.

Kwanza nikubali yaliyo kweli, ili mtu asiniambie natetea watu wangu tu. Mkimbizi anakata miti. Asiyekata anapika na nini? Mwaka 1994 mamia elfu ya watu kutoka Rwanda walipoingia Goma, kambi zao ziliwekwa pembeni ya hifadhi ya Virunga, na msitu ukaliwa kila siku kwa kuni na nguzo. Hilo liko wazi na hakuna anayelipinga. Kule Bidibidi, wilaya ya Yumbe, kambi iliyofunguliwa mwaka 2016 na kupokea watu zaidi ya 270,000 kutoka Sudan Kusini, FAO na UNHCR walipima mwaka 2017 wakakuta kila mtu anatumia kama kilo tatu na nusu za kuni kwa siku. Zidisha mwenyewe. Na hapa kwetu kuna vijana wanaochoma makala usiku na kuyauza barabarani. Wengine wako kwenye kikundi changu. Nawajua, nimegombana nao, na wao wananijua.

Sasa tuangalie tarehe. Makazi haya ya Lobule yalifunguliwa mwaka 2013, tukapokelewa sisi tuliovuka kutoka Congo. Tuko watu elfu chache tu, ndani ya wilaya yenye wenyeji zaidi ya laki mbili. Misitu ya Uganda ilikuwa inafunika karibu asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, na kufika 2015 ilibaki kama asilimia 9. Sehemu kubwa ya miti hiyo iliondoka sisi tukiwa bado kwetu, tunalima, hatujui hata Koboko iko upande gani. Wazee wa hapa wenyewe wanasimulia habari za tumbaku. West Nile ililima tumbaku ya biashara tangu wakati wa wakoloni, na tumbaku ilikaushwa kwa moto, moto ulitaka kuni, na kuni zilitoka kwenye vilima hivi tunavyoviona vitupu. Na mwezi wa tano mwaka 2023 Rais Museveni alipotoa amri ya kukataza uchomaji wa makala ya biashara Uganda ya kaskazini, hakuwa anamfikiria mama mwenye sufuria moja. Shida ilikuwa malori, na malori yanakwenda mjini. Zaidi ya asilimia 90 ya nyumba za Uganda zinapikia kuni au makala. Kama kupika kwa kuni ni kosa, basi ni kosa la nchi nzima, na sisi tumelikuta likiendelea.

Sisemi haya ili tufute deni letu. Nasema kwa sababu anayekosea kusoma ugonjwa atakosea dawa. Ukiamini mti unaisha kwa sababu mkimbizi hajui thamani ya mti, dawa yako itakuwa semina na fulana. Ndivyo ilivyo. Tumefundishwa thamani ya miti mpaka tunaweza kuwafundisha wao.

Twende polepole, tuanze na sufuria.

Watafiti wanaokuja hapa ni wengi. Siwachukii, nimewatafsiria wengi, na siku hizo nilipata pesa ya sabuni. Mmoja alihesabu miti. Mwingine alipima watoto mikono. Mwingine aliwauliza wanawake wanapata shida gani wakienda kuokota kuni. Mwingine alikuja na ramani ya ardhi. Kila mmoja alikuwa na fomu yake kwenye simu, na kila fomu ilikuwa na swali la kuni mahali fulani katikati, kwa sababu haiwezekani kuongea na mama wa Lobule dakika kumi bila kuni kutajwa. Lakini wa miti aliandika kuni kama uharibifu. Wa chakula aliandika kuni kama gharama. Wa usalama aliandika kuni kama hatari kwa wasichana. Wa ardhi aliandika kuni kama ugomvi na wenyeji. Kuni ni zilezile, mzigo mmoja juu ya kichwa kimoja.

Na ofisi nazo ziko hivyohivyo. Ya chakula haiulizi ya miti. Chukua maharagwe makavu. Kwenye karatasi ya chakula maharagwe ni mazuri: yana nguvu, hayaozi, yanasafirishwa vizuri kwenye gunia. Lakini mama akiyaweka motoni bila kuyaloweka, anakaa saa tatu anachochea. Kwa hiyo aliyechagua maharagwe amechagua pia kuni, ila hakuandika. Mahindi yasiyosagwa ni hivyohivyo: ama ulipe mashine, ama uyachemshe asubuhi mpaka mchana. Sijawahi kuona mtu wa mazingira akikaa na mtu wa maharagwe meza moja.

Ubaya zaidi ni chakula kinapokatwa. Mwaka 2020 WFP ilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30, kwa sababu wafadhili hawakutoa pesa. Mwaka uliofuata ukashuka tena. Mwezi wa saba 2023 tukagawanywa makundi: walio dhaifu zaidi asilimia 60, walio wengi asilimia 30, na wanaohesabiwa kuwa wanajiweza, sifuri. Sasa niambie, mtu aliyepewa sifuri, ambaye hana ng'ombe, hana duka, mwenye kipande cha kulima kisichofika hata robo eka, atauza nini sokoni Koboko? Atauza kilicho karibu na kisicho na mlango. Atauza mti. Yule kijana wangu anayechoma makala hakuanza kwa sababu anachukia misitu. Alianza baada ya nyumba yao kuwekwa kundi la tatu. Uamuzi ulifanywa mbali, kwenye hesabu za pesa, na hakuna aliyeuita uamuzi wa mazingira. Kisha matokeo yake yakahesabiwa hapa kwenye visiki, na jina lililoandikwa ni letu.

Kuna mwanafunzi mmoja wa chuo aliyekaa hapa miezi miwili, mtu mzuri, akala sombe na sisi. Alipoondoka aliniachia makaratasi. Nilisoma kwa kamusi, usiku, na moja lilinikalisha. Ni habari ya Kissidougou, nchi ya Guinea. Kule vijiji vinakaa ndani ya misitu midogo ya duara, na nje yake ni nyasi. Kuanzia wakati wa Wafaransa wataalamu walisema: zamani hapa palikuwa msitu mtupu, wenyeji wameukata, ile duara ndiyo masalia. Sera zikatungwa juu ya maneno hayo. Halafu watafiti wawili, James Fairhead na Melissa Leach, wakafanya kitu ambacho wenzao hawakufanya. Walichukua picha zilizopigwa kwa ndege mwaka 1952, wakaziweka pamoja na picha mpya za setilaiti. Wakasoma makaratasi ya kale. Wakakaa na wazee wakawauliza. Kitabu chao kilitoka mwaka 1996. Walikuta kwamba ile misitu ya duara, mingi ilipandwa na kulelewa na wanakijiji wenyewe kuzunguka nyumba zao, na mahali pengi miti iliongezeka watu walipoongezeka. Wataalamu walikuwa wameisoma picha kinyume kwa miaka mingi.

Sidai kwamba Lobule ni Guinea. Visiki vyetu ni visiki kweli. Ninachosema ni jinsi walivyojua. Picha peke yake haikutosha, mzee peke yake hakutosha, makaratasi peke yake hayakutosha. Vilipokutanishwa ndipo uongo ulipoonekana. Wasomi wanaita hiyo kuunganisha taaluma, wanaandalia mikutano mikubwa. Mama wa Lobule anaifanya kila asubuhi kabla jua halijatoka: anahesabu maharagwe yaliyobaki, anakadiria kuni, anakumbuka landilodi gani ana hasira wiki hii, anaamua amtume binti au aende mwenyewe, na kama binti akienda, shule inakuwaje. Chakula, nishati, ardhi, usalama, elimu, vyote kwenye kichwa kimoja na bila posho ya kikao. Sera yetu ya mazingira ingekuwa na akili kama ya huyu mama, nisingeandika.

Sasa turudi kwenye ile miche sita, maana hapo ndipo penye mzizi.

Nilikwenda kumwona yule landilodi. Nilikwenda na hasira, nikarudi bila hasira. Mzee alinieleza hivi. Ardhi ya hapa ni ya ukoo. Hakuna karatasi, na haihitaji karatasi, maana hata sheria ya ardhi ya Uganda ya mwaka 1998 inatambua ardhi ya mila. Ukoo unakumbuka mpaka kwa vitu vinavyodumu: jiwe, kaburi, mti. Muhogo unaisha, maharagwe yanaisha, mti unabaki. Mtu akipanda mti na ukakua miaka kumi, mjukuu wake anaweza kusema, babu yangu alipanda hapa. "Mimi simwogopi mama yule," akaniambia. "Namwogopa mjukuu wake na mjukuu wangu." Kisha akaongeza neno ambalo sikulitegemea. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, familia yake ilikimbilia Zaire, upande wetu. Aliishi huko akiwa kijana, akalima shamba la mtu. "Na sisi tuliambiwa hivyohivyo. Panda chakula, usipande mti. Hatukukasirika."

Basi mnaona? Mzee ana akili zake na mama ana akili zake. Anayekosa akili ni aliyegawa mtiki, mti wa miaka ishirini, kwa mtu ambaye hajui kama mwaka ujao atakuwa hapa, juu ya ardhi ya mtu ambaye hakuulizwa. Kisha mche ukifa, ripoti inasema jamii haina moyo wa kutunza. Jamii ina moyo. Kinachokosekana ni makubaliano.

Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, aliandika kwamba mali ya wote lazima iharibike, maana kila mtu atavuta upande wake, na wengi waliotunga sera walimwamini. Lakini Elinor Ostrom, mama aliyesomea siasa, alizunguka dunia akiangalia watu wanaotumia pamoja misitu, malisho, maji na samaki. Akaona wako wengi waliotunza vizuri kwa mamia ya miaka. Walikuwa na mipaka inayojulikana, sheria walizotunga wenyewe, walinzi wanaotoka kwao, adhabu ndogo kwanza kabla ya kubwa, na mahali pa karibu pa kusuluhishana. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi hiyo. Sasa mimi nauliza: katika hivyo vitu, Lobule tuna kipi? Walinzi tunao, wanaochukua panga na kuni za watoto. Adhabu tunazo. Sheria tulizotunga pamoja, wenyeji na wakimbizi, ziko wapi? Tumechukua nusu ngumu tukaacha nusu yenye maana.

Nasikia watu watasema: hayo ni magumu, wakimbizi wataondoka, wenyeji hawatakubali, kwanza tuwape majiko bora. Majiko ni mazuri. Nimejenga ya udongo kwa mikono yangu na vijana, na kweli yanapunguza moshi na kuni. Lakini jiko bora linapunguza kilo, haliondoi ugomvi, na halimpi mtu wa kundi la tatu chakula. Na hilo la kwamba tutaondoka: tuko hapa tangu 2013. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana ndevu za kwanza karibuni. Mikaratusi iliyopandwa siku ile ingekuwa imeshakatwa mara moja na kuchipua tena. Tumeutumia muda wote huo kusema hakuna muda.

Kwa hiyo nadai, na ninadai kwa sauti ya mtu anayerudishiwa miche kwenye ndoo.

Kabla ya mche kutolewa, karatasi itolewe. Ukurasa mmoja tu, kwa Kakwa na kwa Kiswahili, usainiwe na landilodi, mzee wa ukoo, mkimbizi, mwenyekiti wa LC1 na mtu wa baraza la wakimbizi. Iseme wazi kwamba mti haumpi mkimbizi ardhi, leo wala kesho. Iseme matawi ya kuni ni ya nani, matunda ya nani, na shina siku ya kukata linagawanywaje. Iseme mkimbizi akirudi kwao Congo mti unabaki kwa nani. Hapo yule mzee hana sababu ya kumwogopa mjukuu.

Anayekata chakula aandike kuni. Siku ofisi inapotangaza asilimia mpya, itangaze pia inategemea watu watapika nini, kwa moto gani, na miti mingapi inaweza kwenda. Kama hesabu hiyo inatia aibu, ndiyo maana iandikwe.

Na watafiti, karibuni, lakini rudini. Mje pamoja, wa miti na wa sufuria na wa ardhi, mkae chini ya mwembe mtusomee mlichokiandika kabla hamjakichapa. Tutawaambia mlipokosea.

Kwa vijana wenzangu nina neno pia, na si tamu. Mti wa landilodi ulioukata usiku si wa shirika wala wa serikali. Ni wa mtu ambaye baba yake alipokelewa kwetu, na ambaye ametupokea. Njaa naijua. Lakini kila gunia la makala linaloibwa linampa yule bwana wa Arua sentensi yake, na linamfanya mzee kama huyu ajute. Tukitaka karatasi isainiwe, lazima tuwe watu ambao saini yao ina uzito.

Ile karatasi nimeshaiandika, kwa kalamu, kwenye daftari la shule. Mama amesaini. Mzee ameisoma mara mbili, akasema maneno si mabaya, ila ardhi si yake peke yake, lazima awasubiri ndugu zake wawili wakae pamoja. Ana haki. Mmoja wao yuko Arua, anakuja Krismasi.

Mimi nimeanza kuotesha mbegu kwenye mifuko ya plastiki nyuma ya nyumba yangu, maembe na mtiki, sita kwa sita. Mvua itarudi mwezi wa nne. Ndugu wakikubali, tunapanda. Wakikataa, nitauliza kwa nini, na nitaandika tena.